Bata Bukini wa Kwanza

Roxanne hakuweza kutulia. Tangu alfajiri alikuwa amejibanza nyuma ya ukuta wa matawi ya misonobari pamoja na Marlene, wakivizia bata bukini, na kila mara aligeuza shingo kutazama njia ya kurudi kijijini. Jumatatu hakimu angeshuka na ndege yake ndogo kuamua kesi yake ya wizi. Marlene, aliyepewa na baraza la kijiji kazi ya kumwongoza Roxanne, ndiye angesema kama abaki nyumbani au apelekwe kusini, kwenye bweni la kufungiwa.

"Shangazi, utamwambia nini?"

"Kwamba umekalia upupu. Tulia."

Mara mbili Roxanne alisimama mapema, na mara mbili kundi la ndege likapaa. Mara ya tatu Marlene aliwaita bata bukini kwa mdomo, wakajibu, na Roxanne akauma kola ya koti mpaka walipokaribia. Akapiga bunduki. Mmoja akaanguka kwenye theluji iliyolowa.

"Huyu nampelekea mama," akasema, furaha imemjaa hadi kooni.

"Windo la kwanza hupewa mzee mkubwa wa kambi yetu ya uwindaji. Unajua."

Alijua. Akapitisha akilini vichwa vyote vya kambi akitafuta mkubwa mwingine, asimpate. Mkubwa alikuwa mzee Josiah, na pikipiki ya theluji aliyoiiba Roxanne mwezi wa pili na kuizamisha ziwani ilikuwa ya Josiah. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole.

"Hatampokea, Shangazi."

"Basi na mimi sitakuwa na la kumwambia hakimu."

Wakashika njia ya kambini. Roxanne aliwaza kumtupa ndege kichakani akimbie, lakini akimbilie wapi? Josiah alikuwa hemani akinoa kisu. Roxanne akamlaza bata mbele yake. Mzee hakumgusa.

"Umekujaje huku?"

"Kwa miguu, babu."

"Hata mimi siku hizi natembea kwa miguu."

Marlene akatazama pembeni.

"Nisamehe, babu." Sauti ilikuwa nyembamba, lakini ilitoka.

Josiah akakibonyeza kifua cha ndege kwa kidole. "Ana mafuta." Kisha akajisogeza, akaacha nafasi ubavuni pake. "Mikono yangu imekufa ganzi. Mnyonyoe. Na Jumatatu mwambie huyo hakimu asikucheleweshe. Jumanne natoa nyavu, na samaki utawabeba wewe, maana pikipiki sina."

Roxanne akaketi. Mguu wake haukutulia, lakini hakuinuka mpaka bata alipoisha manyoya.