Mtandao Uliopita kwa Bibi Mito

Asubuhi ya harusi ya mdogo wake, fundi wa mtandao alikuwa juu ya paa la duka la rangi, gauni jipya amelikunja akalifunga kiunoni, bisibisi mdomoni. Mtaa mzima ulikuwa umekosa mtandao. Baba yao, mwendesha winchi katika bandari ya nchi ya mbali, alikuwa ameomba ruhusa kazini ili amwone binti yake akiolewa, japo kwenye simu.

"Shuka, mwanangu," mama yake aliita kutoka chini. "Hiyo nguo ikichanika utavaa nini?"

"Baba asipoonekana, mama, nguo ya nini?"

Visanduku vya mtandao vya mtaa ule vilikaa juu ya mapaa, kila kimoja kikimpokeza jirani yake mawimbi, kama watu wanaopokezana matofali, mpaka kwenye kisanduku cha mwisho walichokiita lango. Hapo ndipo waya wa kampuni ulipoingia. Fundi alikagua paa baada ya paa. Visanduku vilikuwa vinasikilizana vizuri tu. Simu zilionyesha mawimbi tele, ila hazikufungua kitu. Ubovu, basi, ulikuwa langoni.

Lango lilitundikwa nyumbani kwa Bibi Mito, mjane mshona mito, juu ya kiti chake cha cherehani. Mlango ulikuwa wazi, mwenyewe hayupo. Fundi aliufuata waya hadi nyuma ya kabati, akakuta umekatwa, mkato safi wa koleo, na buibui ameshajenga kwenye ncha. Akapiga simu kampuni.

"Huku kwetu taa zote ni za kijani," karani alisema kwa upole. "Mtaa wenu una mtandao."

"Waya umekatwa. Nimeushika mkononi."

"Aa, huo. Laini ilihamishiwa kwenye zile nyumba mpya za kilimani, mwaka jana. Hamkulalamika, tukajua mmeridhika."

Fundi alishukuru akakata simu. Mwaka jana, na jana tu mtaa ulikuwa umetazama mpira bila picha kuganda. Akashika njia ya nyumbani. Uani, kwa wapishi, akamkuta Bibi Mito anakata vitunguu, pamba imemnata kwenye nywele.

"Shikamoo, bibi. Leo umetoka mapema."

"Marahaba. Tangu alfajiri. Na mtandao umekatika, najua." Alifuta macho kwa mkono wa blauzi. "Ni mimi. Walipoukata ule waya, mtandao ukaanza kupita mwilini mwangu. Masikio yanawasha kidogo, basi."

"Ndiyo maana siku hizi hutoki."

"Nikivuka kizingiti tu, watoto wanakwama masomo. Lakini mdogo wako nilimshonea mto wake wa kwanza. Nikasema leo, liwalo na liwe, nacheza."

Fundi hakumwambia arudi. Alikwenda mwenyewe akalifungua lango, akalileta uani pamoja na betri yake, akalitundika kwenye msumari wa kamba ya nguo. Bibi Mito akasogeza kigoda chini yake. Simu za mtaa mzima zikalia kwa mkupuo.

"Jumbe zilikuwa zimejazana," bibi alisema akijikuna sikio. "Muuza rangi, shemeji yako kajibu. Amekataa."

Muuza rangi akaitikia kwa kichwa, akaendelea kupanga viti.

Mchana baba alionekana, kofia ya kazini kichwani. Bibi alipoanza kucheza, picha ikazidi kung'aa, hata mama akaona shati la mumewe limekatika kifungo, akamsema mbele ya wageni wote. Baba alicheka huku machozi yanamtoka. Picha ikawa inayumba kidogo, kulia, kushoto, kwa sababu bibi alikuwa anakata kiuno, na wageni wakayumba nayo. Bi harusi aliishika simu kwa mikono miwili, akacheza na baba yake mpaka jua likapoa.

Baadaye fundi alimshonea Bibi Mito mkoba wa kubebea lango na betri. Tangu hapo bibi huenda sokoni, huenda kutazama wajukuu, na mtandao wa mtaa unamfuata kokote aendako bila kukatika.

Kampuni haikurudisha waya. Ilituma ujumbe kwa wakazi wote, kuwapongeza kwa kufurahia huduma yake bora. Bibi Mito alikuwa sokoni akichagua pamba ujumbe ulipofika sikioni. Aliusikiliza hadi mwisho, akajikuna, akauacha upite.