Watoto Wanne wa Ernest

Maandishi meupe yalikuwa yakipanda kwenye kioo cheusi cha kompyuta, mstari juu ya mstari, na Charles akiyatazama kama aliyeyaumba yeye.

"Mama, hii haisahau," alisema. "Kila ninachokopi kinakaa humu, hata cha miaka mitatu. Wenzangu wanahangaika na kipanya. Mimi naandika neno moja tu, linaniletea."

Charles ni katibu wa kanisa letu hapa Nkuhungu. Nilikuwa nafagia ofisi yake kila Jumamosi, sadaka ya mikono yangu. Nimeishia darasa la saba, naye alipenda kunikumbusha. Kila akinieleza jambo alipaza sauti, utadhani shule niliiacha kwa ajili ya uziwi.

"Basi tafuta watoto wanne," nikamwambia.

Akacheka, akaandika.

Miaka miwili nyuma, Charles huyuhuyu alisimama makaburini, koti limembana kwapani, akasoma wasifu wa mume wangu kwa ile sauti yake ya redioni. Ernest, mzaliwa wa Kibakwe, fundi wa pampu za visima. Halafu: "Ameacha mjane na watoto wanne."

Mimi na Ernest tuliishi miaka ishirini na sita bila kupata hata mmoja.

Hakuna aliyecheka. Wangecheka ingekuwa afadhali. Matanga hayajaanuliwa, shemeji yangu Joshua akanijia: "Shemeji, kama unawajua, sema. Damu yetu haiwezi kuzagaa." Akaanza kuzunguka kila kijiji ambako kaka yake alifunga pampu, akikodolea macho pua za watoto wa watu.

Nilimuuliza Charles habari ile aliitoa wapi. "Taarifa ya familia, mama. Mimi ni mwandishi tu."

Nami nikaamini, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Kila alfajiri nilipiga magoti nikamshukuru Mungu kwa yote, isipokuwa kwa ile miaka ishirini na sita.

Sasa kioo kilileta andiko moja tu, refu, lenye namba na tarehe. Charles alilipitia haraka. Mimi nasoma polepole, lakini nasoma. Marehemu Yoramu, mkulima wa Chamwino. Ameacha mjane na watoto wanne. Tarehe ilikuwa ya asubuhi tuliyomzika Ernest.

"Ulikopi ya mtu mwingine," nikasema.

"Muda ulikuwa mdogo, mama. Nilibadilisha jina, kijiji, kazi... Pale kwenye watoto pakanipita."

"Ulijua lini?"

Akashika kola ya shati. "Jioni ileile. Ila watu wangesema sijui kazi."

Nilimtazama. Mwanamume mzima, ana hofu ya kuchekwa, amemwacha marehemu azini miaka miwili kaburini.

"Naweza kuufuta huu mstari, mama," akasema, na sauti yake leo ilikuwa ndogo. "Nifute, yaishe?"

Maskini, alidhani ubaya wenyewe unakaa mle ndani ya kompyuta.

"Utaandika tangazo la kesho," nikamwambia. "Kwa vidole vyako, neno kwa neno. Nimesimama hapa."

Akaandika, akafika katikati, akasita. "Lakini mama, nikisahihisha itabidi niseme hakuwa na mtoto kabisa. Mbele ya kanisa zima. Na wewe mwenyewe utakuwa umekaa pale..."

"Andika."

Jumapili akasoma. Ile sauti ya redioni ilikuwa imeisha betri. "Wasifu ulikosewa, kosa ni langu. Marehemu Ernest hakuacha mtoto." Joshua, benchi la mbele, akainamia viatu vyake. Nyuma yangu mwanamke mmoja akanong'ona, "Kumbe huyu mama ni tasa."

Vichwa vikageuka, si kwa Charles, kwangu. Nikakaa wima, nikaviacha vitazame mpaka vishibe.