Mama Mkwe Hajulikani

Ukutani katika ofisi ya Mbinga nywila zilibandikwa wazi kama ratiba ya misa: ya kanzidata ya kahawa, ya kanzidata ya usipa, wale dagaa wa ziwani, kule Mbamba Bay, na nyingine ya programu ya ripoti. Celestina, fundi wa kompyuta, alizibandua zote akazitia kwenye jiko la chai.

"Kuanzia leo mtu anajitambulisha mara moja tu asubuhi," alitangaza. "Ukifungua ripoti, yenyewe inakwenda na jina lako kwenye kanzidata zote mbili. Mmenielewa, au nirudie kama ninavyowarudia wanangu?"

Bwana Masoudi, mwenye kampuni, hakuchangamka. Tangu biashara iachiwe watu binafsi, alishauziwa vya kisasa vingi vikamfia mkononi.

"Wanunuzi wanakuja mchana huu. Ripoti isipofunguka mbele yao, tunarudi kwenye utaratibu wetu, na hicho kidude chako unakizima."

Celestina akamkalisha Mama Hildegardi, mkuu wa mauzo, kwenye kompyuta. Mama akadonoa nywila yake kwa kidole kimoja, akafungua ripoti. Kahawa ikajaa kwenye kioo, gredi kwa gredi. Upande wa usipa ukabaki mweupe, na maneno mekundu juu yake: Mtumiaji huyu hajulikani.

"Mimi sijulikani?" Mama Hildegardi alifoka. "Mbamba Bay hata mbwa wananijua!"

Wenzake walijaribu, usipa ukafunguka bila shida. Ni yeye tu. Celestina akampigia simu Ignatio, aliyewasajili watumiaji wa kanzidata ya kule ziwani na ambaye ndiye pekee mwenye ruhusa ya kubadilisha majina yao.

"Ignatio, Mama Hildegardi umemwandika nani?"

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Nani?"

"Yumo tu, dada."

"Kwa jina gani?"

Ignatio akashusha sauti: "Mamamkwe."

Celestina alicheka mpaka akashika meza. Alikuwa amesahau kwamba Ignatio amemwoa binti wa Mama Hildegardi.

"Mfumo unamtafuta Hildegardi, wewe umemficha kwenye ukwe! Badilisha."

"Jina hilo silitamki hata nikiweweseka kwa malaria, dada. Nitaliandikaje?"

"Kompyuta haina mkwe, Ignatio!"

"Mimi ninaye."

Nje gari la wanunuzi lilikuwa linaegeshwa. Celestina akaacha kucheka. Kwani lazima jina? Jina mtu huolewa akalibadilisha. Namba ya kazini ni ileile Mbinga na ziwani.

"Namba yake ya kazini je, unaweza kuitamka?"

"Hiyo hata kuiimba!"

Celestina akaubadilisha mfumo haraka, uwatambue watu kwa namba badala ya majina. Mama Hildegardi akadonoa tena nywila yake. Wanunuzi walipoingia, usipa wote ulikuwa kwenye kioo, na juu kabisa maneno: Karibu, Mamamkwe.

Celestina akainama kumnong'oneza. "Hayo ya juu nitayafuta baadaye."

"Thubutu!" Mama Hildegardi alisema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani. "Na mimi siku zote nasema yule kijana hana adabu!"

Bwana Masoudi akaisogelea kompyuta, akasoma, akainamisha kichwa kwa heshima zote. "Shikamoo, Mama Mkwe." Kisha akamgeukia fundi wake. "Kidude usikizime."

"Sikuwa na mpango huo," alijibu Celestina.