Kofia ya Kauboi na Ng'ombe wa Bibi

Mwaka tuliohamishiwa kijiji cha ujamaa, mimi nilikuwa nimerudi Puge na gitaa, kofia ya kauboi na nusu ya digrii. Nusu nyingine ilibaki Dar es Salaam, siku mbuzi niliyempandisha jukwaani alipokula hotuba ya mgeni rasmi. Kofia alinishonea Mzee Shomari, fundi cherehani wa Chemchem, kwa turubai kuukuu. Kauboi alikuwa amemwona kwenye sinema mara moja tu, kwa hiyo ilikaa kama sufuria lenye masikio.

Bibi yangu, Apolinaria, alihama bila matata. Waliokataa ni ng'ombe wake. Kila jioni wakitoka malishoni wanavuka kijito kurudi zizi la zamani, na pamba ya kijiji wanaikanyaga yote. Mwenyekiti Nikolaus akatoa neno la mwisho: wakivuka tena leo, kesho wanaingia kundi la kijiji. Na bibi hakuwa na kitu kingine duniani.

Dawa yao tuliijua. Marehemu babu alikuwa akiwaimbia, nao wanamfuata popote. Lakini kwenye ukoo wetu, anayewaimbia ng'ombe ndiye mwenye ng'ombe, na hakuna mwanamke aliyewahi kuwaimbia. Baba mdogo Tobias alishatangaza kwamba wimbo sasa ni wangu, mwanamume niliyebaki nyumbani kwa bibi. Tangu matanga bibi alikuwa hajaimba hata kanisani.

Mimi sikuutaka. Kauboi anayemnyang'anya bibi yake ng'ombe, kwenye sinema ndiye anayepigwa risasi wa kwanza.

Jioni ikafika, Mwenyekiti na baba mdogo wakaja kushuhudia. Nikamrushia kamba Mabaka, ng'ombe anayeongoza wenzake. Kamba ikanasa baiskeli ya Mwenyekiti. Nikachukua gitaa, nikapiga ule wimbo bila maneno. Ng'ombe wakainua masikio kidogo, kisha wakashika njia yao ya kijitoni. Baba mdogo akanisukuma bega, niimbe kiume yaishe.

Nikamtazama bibi. Midomo yake ilikuwa inacheza, maneno yote yamo, sauti hana.

Basi nikaimba. Niliimba vibaya makusudi, kuliko mlevi wa pombe ya mtama. Ubeti wa kwanza nikamwita Mabaka mbuzi. Wa pili nikamsifu babu kwa kukimbia fisi. Wa tatu nikauchezesha rumba, na kiuno juu.

"Mume wangu," bibi akasema, maana bibi na mjukuu kwetu ni watani, "acha. Unamtia marehemu aibu."

"Basi nionyeshe, mke wangu."

"Nikikuonyesha, unajua ng'ombe wamekuwa wa nani."

"Najua. Na Mabaka huyo anaingia majini."

Akanikazia macho. Halafu akanivua kofia, kwa kuwa jua lilikuwa linampiga usoni, akaivaa juu ya kanga na kuanza.

Sauti ilitoka na kutu. Kwenye jina la Mabaka ikafunguka. Mabaka alikuwa ameshatia miguu ya mbele kijitoni. Akasimama, akageuka, na wengine wakageuka nyuma yake. Wakapita katikati ya Mwenyekiti na baba mdogo kama wanapita kati ya nguzo. Baba mdogo akaanza kusema kwamba mwanamke hana ruhusa. Bibi hakuukata wimbo, jibu lake alilitia humohumo: anayebisha awaite, tuone.

Baba mdogo akawaita. Hakugeuka hata ndama.

Mwenyekiti, bado anafungua kamba kwenye baiskeli, akauliza sasa ng'ombe hawa aseme ni wa nani.

"Nishikie mlango wa zizi kwanza," bibi akamwambia. "Halafu uulize."

Akaushika. Walipoingia wote, hakuuliza tena.

Kofia sikurudishiwa. Wiki iliyofuata nikaenda Chemchem kushonewa nyingine, na Mzee Shomari akataka kujua ile ya kwanza imekwenda wapi.

Nikamwambia iko kwa mwenye ng'ombe.