Nakala Tisa za Pingamizi

Naapa kwa mikono hii miwili, iliyokereza vyuma miaka arobaini na moja bila kupoteza hata kidole: kila neno humu ni kweli tupu. Chumvi sijatia. Mke wangu Hedwig alikuwepo mwanzo hadi mwisho, ingawa nawaombeni msimuulize.

Jumatano nilifungua barua ya kamati ya chama chetu cha bustani hapa Nürtingen, kinachotukodisha viwanja. Ilikuwa imelala mezani tangu Jumatatu, maana nilidhani ni ya mkutano, na mikutano ya chama mimi huihudhuria nikiwa usingizini. Mwenyekiti wetu Wendelin Stumpp, mtu anayeweza kupima ua wa jirani kwa rula, alikuwa ameandika hivi: kanuni inataka theluthi moja ya kila kiwanja iwe mboga na matunda. Kiwanja changu ni mita za mraba mia tatu. Wamepima, wamepata sitini na moja. Kwingine kote ni nyasi na viti vya kuegemea. Kama nina pingamizi, lichapwe, litiwe sahihi kwa mkono, nakala tisa, moja kwa kila mjumbe, na zote ziwe ndani ya sanduku lake la barua kabla ya Ijumaa saa sita mchana. La sivyo kiwanja atapewa mwingine. Watu mia moja na ishirini wako kwenye foleni.

Miaka thelathini na mmoja! Kibanda kile nilikijenga mwenyewe, ubao kwa ubao. Mplamu ulio nyuma yake Hedwig aliupanda wiki aliyotoka hospitali na binti yetu mkononi. Leo Stumpp aje aniambie viti vyangu vinakula nafasi ya karoti?

"Mpigie simu," Hedwig akasema. "Ongea naye kama binadamu."

"Stumpp hana masikio, ana mafaili. Anataka karatasi? Atapata karatasi mpaka zimfike kidevuni."

Nikakaa, nikaandika. Hasira ikishika kalamu haijui nukta. Kufikia Alhamisi asubuhi pingamizi lilikuwa na kurasa sitini na nne. Nilieleza historia ya udongo ule tangu barafu ilipoyeyuka. Nilieleza boga la mwaka tisini na nne, lililotolewa bustanini na zimamoto kwa kreni, na jinsi watoto wa chekechea walivyojikinga mvua ndani yake. Nikaeleza pia kwamba viazi vyangu vimepandwa chini ya nyasi, kwa mbinu ya babu yangu, hivyo mpimaji mjinga hawezi kuviona.

Halafu nikaiwasha printa yetu ya wino.

Mashine hiyo tunaitumia labda mara nne kwa mwaka. Ikakohoa, ikasaga meno, ikatema karatasi yenye mistari ya zambarau iliyofifia. Kisha ikaniandikia kwenye kioo chake: wino wa njano umekwisha.

"Hedwig! Njoo uone wizi wa mchana kweupe!"

"Nini tena?"

"Nataka herufi nyeusi. Nyeusi imejaa! Mashine inagoma mpaka niinunulie njano! Ni sawa na baiskeli ikatae kwenda eti sijavaa tai!"

"Mwaka jana ulipiga kelele hizi hizi, kisha ukaenda kununua njano."

"Na imekaukia humo humo! Euro ishirini na nne! Hata jamu ya mama yako inakaa miaka kumi, lakini wino huu hautoki Krismasi ukafika Pasaka!"

Nikaipiga teke. Ikaruka juu ya baraza, ikavuka mto Neckar, ikaangukia uwanja wa mpira ng'ambo. Hedwig anadai niliiweka chini ya ngazi nikaifunika gunia. Kila mtu na kumbukumbu yake.

Saa tatu asubuhi nilikuwa dukani kwa Bibi Seibold, karibu na kanisa, anakouza madaftari, kalamu na mashine za ofisini. Ni mwanamke wa miaka hamsini hivi, miwani yake imefungwa kamba shingoni, na hana mchezo.

"Nataka printa," nikasema. "Isiwe ya wino. Mtu akinitajia wino leo nitamng'ata."

"Na wewe umeamkaje, Bwana Rempfer."

"Nimeamka na Stumpp kichwani."

"Pole. Unachapa picha za rangi?"

"Nina hasira tu, na hasira yangu ni nyeusi."

"Basi chukua ya leza, ya nyeusi peke yake. Hii haina wino wa maji, ina unga. Unga haukauki. Iache mwaka mzima, siku ukiiwasha inachapa."

Akanionyesha mbili. Moja euro tisini na tisa, ya pili mia moja arobaini na tisa. Mkono wangu ulikuwa tayari juu ya ile ya kwanza.

"Ngoja," akasema. "Hiyo inakuja na unga wa kurasa mia tano tu. Ukiisha, katriji mpya ni euro themanini na tano, na inachapa kurasa elfu moja. Tena karatasi unaigeuza mwenyewe kwa mkono. Hii nyingine ina unga wa kuanzia wa kurasa mia saba. Katriji mpya euro sitini, kurasa elfu tatu, na inachapa pande zote mbili yenyewe."

"Kumbe wanatuuzia mashine yenye tangi lisilojaa!"

"Mimi siziundi. Nauza tu."

"Hata mwizi hajaunda kufuli."

"Niite mwizi mara ya pili, Bwana Rempfer, na bei itapanda."

Nikapiga hesabu nyuma ya barua ya Stumpp. Ya kwanza, kila ukurasa senti nane na nusu. Ya pili, senti mbili. Yaani ile ya bei ya juu ndiyo rahisi! Hapo ndipo nilipofura zaidi. Mtu ametoka nyumbani kwake kutafuta cha bei ya chini, anaonyeshwa kwa namba zake mwenyewe kwamba cha bei ya chini kitamnyonya mpaka kaburini. Nikagonga kaunta. Sanduku la vifutio likamwagika.

Bibi Seibold akaviokota kimoja kimoja. "Sikiliza. Ichukue hii ya mia moja arobaini na tisa. Usilipe leo, unapoishi napajua. Ijaribu siku kumi na nne. Ikikufaa, utakuja kulipa. Isipokufaa, irudishe. Wauzaji wa mtandaoni sheria inawalazimisha kupokea mali iliyorudishwa, na mimi wao ndio wananilazimisha. Ila kujaribu ni kurasa tatu, nne. Si kuchapisha gazeti."

"Bibi Seibold, mimi?"

Nikaipakia kwenye mkokoteni wa bustani. Njiani, daraja sijalifikia, shetani wa ubahili, ambaye kwetu huku Swabia tunamnyonyesha pamoja na watoto, akaninong'oneza: siku kumi na nne, Gottlob. Wewe unaihitaji moja tu.

Ilichapa Alhamisi yote. Ilitema karatasi kwa kasi hata mapazia yakapepea na paka wa jirani akahama mtaa. Herufi nyeusi, kali, zimesimama wima kama askari. Nikaipenda, na kuipenda huko kukaniudhi.

Hedwig alisimama mlangoni na bakuli la dengu na tambi. "Nzuri. Kesho ukamlipe."

"Kumlipa kwa lipi? Jumamosi nairudisha."

"Umeichapia kitabu kizima!"

"Niko kwenye majaribio."

"Gottlob, hiyo ni aibu."

"Aibu ni kumlazimisha mtu kununua njano wakati anataka nyeusi!"

"Aliyekuuzia njano si yeye."

Nikapandisha sauti. Akaweka dengu chini, akaondoka.

Ijumaa, saa sita kasoro dakika kumi, nilimkuta Stumpp amesimama kando ya sanduku lake la barua, saa mkononi. Nakala nne zikaingia. Ya tano ikakwama.

"Nini hiki?" akauliza.

"Karatasi, Wendelin. Si ulizitaka?"

"Kanuni inasema pingamizi. Haisemi msahafu."

"Kanuni inasema nakala tisa. Fungua mikono."

Akafungua. Nikampakia tano zilizobaki mpaka kidevuni, kama nilivyoahidi. Kutoka nyuma ya karatasi nikamsikia akisema, "Kamati inakaa kesho saa kumi na mbili jioni. Tutasoma. Na tutapiga kura."

Jumamosi asubuhi nikairudisha printa, imefungwa kwenye boksi lake, na utepe juu. Hedwig alinifuata hatua tatu nyuma, kama polisi.

"Haifai," nikamwambia Bibi Seibold.

"Ina nini?"

"Inakwaruza. Ina kelele. Nimechapa kurasa tatu, nikakata tamaa."

"Tatu."

"Tatu. Kama si mbili na nusu."

Akaitoa kwenye boksi, akaichomeka umeme, akabonyeza kitufe fulani na kukishikilia kwa muda. Karatasi moja ikatoka. Akavaa miwani.

"Mashine hizi hujihesabia zenyewe, Bwana Rempfer. Hapa naona mia tano sabini na tisa."

Damu ilinipanda mpaka kwenye ncha za masikio. "Unaona! Hata kuhesabu haijui! Ndiyo maana nairudisha!"

Akainama, akatoa bunda chini ya kaunta. Kurasa sitini na nne. Sahihi yangu mwishoni, na mkia wake mrefu.

"Hiyo umeipata wapi?"

"Kwa Stumpp. Ni nakala ya saba. Mimi ni mjumbe wa kamati tangu mwezi wa tatu. Nilichaguliwa kwenye mkutano ule uliokoroma."

Nilitamani kumkasirikia mtu. Nikatazama huku na huku dukani, sikumpata.

"Nimeisoma yote," akasema. "Na nimezungumza na wenzangu. Wanne wanataka utolewe. Wanne wanataka ubaki, wawili kati yao kwa sababu ya boga. Nimebaki mimi. Sasa, juu ya sahihi umeandika kwamba hujawahi kusema uongo hata wa senti moja. Kama ulichapa kurasa tatu, basi pingamizi hili silijui limetoka wapi, na sitaliunga mkono. Kama ulilichapa wewe, niambie. Sitini na nne mara tisa ni ngapi?"

"Mia tano sabini na sita," Hedwig akasema kutoka mlangoni. "Jumlisha tatu za majaribio."

Nikageuka kumwangalia. Hakuwa amekasirika, na hilo lilikuwa baya zaidi. Ameshika kamba ya mkoba kwa mikono miwili, kama alivyoshika ule mche wa plamu siku ile.

"Ngapi, Bwana Rempfer?"

"Mia tano sabini na tisa." Lilitoka kama jino.

"Na mboga, mita ngapi?"

"Sitini na moja. Chini ya nyasi hakuna kitu. Kabla ya Mei zitakuwa mia moja, nitachimba kwa mikono yangu."

"Hayo ndiyo nitakayowaambia jioni, na kura yangu mnayo. Euro mia moja arobaini na tisa."

"Nipunguzie kidogo. Imeshatumika."

"Na nani?"

Nikatoa noti saba za ishirini, moja moja, nikizinyoosha kila kona. Kisha tisa kwa sarafu, taratibu kabisa, nikitumaini atachoka. Hakuchoka. Nikafunga pochi, nikainua boksi.

"Na rimu ya karatasi," Hedwig akasema nyuma yangu. "Aliichukua rafuni Alhamisi ulipokuwa unaokota vifutio, Bibi Seibold, akaja kujisifu kwangu. Ni euro sita."

Nikaweka boksi chini, nikafungua pochi tena.