Upanga Ulioandikwa Songea

Novemba 2011 Mzee Anwarali alileta upanga wa Kijerumani, kaufunga kwenye taulo la kuogea. Alikuwa mfanyabiashara wa vitu vya kale, mzaliwa wa Dar es Salaam aliyehamia Kanada kitambo, na kila alipofika kwenye nyumba ya mnada kule Scarborough alimtafuta Asumpta Komba wazungumze Kiswahili. Asumpta ndiye aliyekagua silaha za kale pale. Kijerumani alikipata kwa masista wa Peramiho. Mambo ya panga alijifunzia kazini, miaka kumi na minne sasa.

"Usimwoneshe mtu mwingine kwanza," Anwarali alisema. "Hebu soma hapo."

Kwenye bapa kulikuwa na maandishi ya mtindo wa zamani: Songea 1906.

Asumpta akavuta kiti. Mwaka ule, vita vya Maji Maji vilipokuwa vinazimwa, Wajerumani waliwanyonga wazee wa Kingoni pale Songea, na babu wa mama yake alikuwa mmojawapo. Nyumbani kwao hakikubaki kitu chake hata kimoja.

Jioni ile, kabla hajaukagua, alimweleza mama yake, Bi. Genoveva, aliyekuwa akiishi naye mtaa wa Crescent Town. Mama alikuwa na miaka themanini na moja. Alisema, "Nipeleke niushike."

"Subiri kwanza, mama. Sijaupima."

Mama hakusubiri. Asubuhi yake alimpigia simu kaka yake Songea, na Jumapili ukoo mzima ukasomesha misa ya marehemu.

Jumatatu Asumpta aliuweka upanga chini ya taa. Mgongoni mwa bapa palikuwa na muhuri wa taji, herufi W na tarakimu 04 za mwaka 1904, alama ya ukaguzi wa jeshi la Kaisari wa Ujerumani. Muhuri ulikuwa umelika kidogo, kama inavyotakiwa. Jina la kiwanda cha Solingen, mji wa Ujerumani wa wafua panga, lilikuwepo. Ngozi ya mpini ilikuwa imesinyaa. Upanga ulikuwa halisi.

Akahamisha lenzi kwenye maandishi. Enzi zile maneno ya namna hiyo yalichorwa kwa tindikali, na ndani ya mistari huonekana ukwaruzo mdogo uliozeeka pamoja na chuma. Haya yalichimbwa kwa sindano ya mashine. Mistari ilikata katikati ya vishimo vya kutu ya zamani, na chini yake chuma kilikuwa cheupe, kilichokatwa karibuni. Alikagua mara tatu, akitamani awe amekosea.

Anwarali alipoitwa alikuja akitabasamu.

"Nani amechonga haya maneno?" Asumpta aliuliza.

"Upanga ni wa kweli, mama."

"Sikuulizi upanga."

Mzee alijikuna shingo. "Kuna fundi Brampton. Panga tupu ziko tele, hazina wanunuzi. Wakiona jina la mji wa koloni wanagombania."

"Mbona Songea? Mbona hukuandika Tabora?"

"Si wewe uliniambia? Siku ile ya theluji, tukinywa chai. Habari za huyo babu." Alikwepa macho yake. "Nikajua wewe utaamini upesi."

 Asumpta alimsukumia upanga, akaandika kwenye ripoti kwamba maandishi ni ya kughushi, akamwambia asikanyage tena pale.

Nyumbani mama alikuwa amekwisha vaa koti, tayari kwenda kuushika. Alisikiliza hadi mwisho akiwa amesimama.

"Na misa je?"

"Misa ni ya babu, mama. Haikuharibika."

"Mpigie mjomba wako. Mimi siwezi."

Simu ilikuwa mbovu na mjomba hasikii vizuri. Ilibidi Asumpta arudie, kila mara kwa sauti kubwa zaidi, "Si wenyewe, mjomba! Si wenyewe!" huku mama akifungua vifungo vya koti kimoja kimoja. Tangu siku hiyo mama hakumtaja tena babu yake.

Mei iliyofuata Asumpta aliuona upanga kwenye katalogi ya mnada wa mji mwingine. Safari hii palikuwa na maelezo ya ukurasa mzima juu ya kunyongwa kwa wazee wa Songea, mengine ni maneno yake mwenyewe ya siku ile ya chai. Aliwaandikia wenye mnada, akaambatanisha picha za mistari ile. Barua haikujibiwa. Upanga ulinunuliwa siku ya kwanza.