Shamba Limepita Namawala

Asubuhi ya safari Nazari alijaza dizeli kwenye pawatila, trekta lao dogo la mkono, kwa chupa ya maji iliyokatwa kitako, kisha akafunga tela kwa pini na kipande cha waya, maana pini peke yake haikuwa ya kuaminika. Marsiana, mkewe, alipanga mizigo: magodoro chini, sufuria na ndoo juu yake, turubai, tenga la kuku, na debe bovu la kupigia ndege kelele. Bibi Eufrasia, mama yake Nazari, alikwishapanda na kujichagulia nafasi nzuri kati ya godoro na gunia la mkaa, na hakuna aliyethubutu kumwambia asogee. Binti yao Fausta, fundi cherehani pale sokoni, alikuja wa mwisho akiwa na simu mkononi.

Kila familia ya Ifakara yenye shamba bondeni inaijua safari hii. Mpunga ukianza kuinamisha vichwa, watu hufunga nyumba, hupakia maisha yao kwenye tela, na kwenda kulala chini ya turubai, wakiamia ndege wasile mpunga mpaka mavuno. Watoto huiona sikukuu. Watu wazima huiona kazi, ingawa ukiwatazama vizuri nao wanacheka zaidi kuliko wanavyocheka mjini.

Kitu kimoja hakikupakiwa. Marsiana alikishika mapajani, bado kikiwa kwenye mfuko wake: chandarua kipya. Hakikuwa cha kulalia.

Kule shambani, chini ya kijiji cha Mbingu, kulikuwa na kaburi la Mariana, mtoto wao wa kwanza. Msimu aliofariki walikuwa na chandarua kimoja tu, na Marsiana alikuwa amekitandaza juu ya kitalu cha mpunga ili ndege wasile mbegu. Hakuwa peke yake. Bonde zima wanawake walifanya hivyo, kwa sababu kitalu kikiliwa nyumba nzima inalala njaa. Mtoto akashikwa na homa. Mafuriko yalikuwa yamemeza njia, mtumbwi wa kumpeleka hospitali Ifakara ukarudishwa na maji, na Mariana akafia juu ya dungu, kwenye jukwaa la kuamia ndege, akiuliza kama Ifakara wameshafika. Tangu hapo, kabla mundu haujagusa mpunga, Marsiana hutundika chandarua kipya juu ya kaburi. Hajawahi kuruka mwaka.

Mwaka huu aliogopa. Walipomaliza kupanda na kurudi mjini, habari iliwafuata kwamba eneo lile limewekewa bikoni, zile nguzo fupi za zege za mipaka, na mlinzi amewekwa kuwazuia watu wasiingie.

"Tutafika, tutaongea nao," alisema Nazari.

"Wewe ongea nao," alisema Marsiana. "Mimi naenda kwa mwanangu."

Pawatila ikaondoka. Ni chombo chenye kelele nyingi na mwendo mdogo, kama wazungumzaji fulani wa mikutano ya kijiji, na kabla hawajaufikia mwisho wa lami walikuwa wamepitwa na kila chenye gurudumu.

"Baba, baiskeli imetupita," alisema Fausta. "Na imebeba mkaa."

"Kawia ufike," alijibu bibi Eufrasia, bila kufungua macho.

Jioni walipiga kambi Idete, kando ya barabara. Wakafunga turubai kati ya tela na mkorosho, wakapika wali na kambale mkavu, wakatazama milima ya Udzungwa ikijifunika ukungu kama mgonjwa anayevuta shuka. Fausta aliweka simu pembeni bila kuambiwa. Usingizi ulikuwa mtamu, ila wa Marsiana, ambaye alilalia chandarua chake kama mto na kusikiliza vyura.

Kesho yake, jua likiwa limekwishapanda, walikutana na Nkwabi na ng'ombe wake. Nkwabi alikuwa jirani yao wa bondeni zamani, kabla hajahamishwa pamoja na mifugo yake. Walikuwa wamewahi kugombana naye, wakapatana, wakagombana tena, yaani walikuwa majirani kwelikweli.

"Mwangaluka," alisalimia Nkwabi kwa Kisukuma.

"Mwangaluka," akaitikia Nazari, akazima injini. Nkwabi akamgeukia bibi Eufrasia, akainama kidogo na kumpa shikamoo yake, na bibi akaipokea.

"Shamba lenu linakuja," alisema Nkwabi. "Nimelipisha pale kwenye kona, limeshapita Namawala. Dume langu limekula pembeni kidogo kabla sijaliwahi. Mnisamehe, jirani."

"Limekula sana?"

"Mdomo mmoja. Labda miwili."

"Hilo si neno," alisema bibi Eufrasia. "Dume angalau tunamjua mwenyewe."

Nkwabi akacheka kidogo. Akasema ng'ombe wake walipotolewa kule walitolewa kwa virungu, wengine hakuwaona tena. Shamba lao limetoka lenyewe, kabla halijaguswa. Yeye aliona hiyo ni heshima, na akasema angependa mifugo yake ingekuwa na akili kama hiyo. Akawaswaga ng'ombe wake, akaenda zake.

Walilikuta mbele kidogo tu.

Lilikuja katikati ya barabara kwa mwendo wa ng'ombe wa jembe, limeinuka juu ya ardhi kiasi cha kiganja. Mpunga ulikuwa wa dhahabu mpaka mwisho wa macho, umesimama katika maji yake, na maji hayakumwagika hata tone kwenye vumbi. Kambale walikuwa wakigeuka ndani ya mifereji. Juu yake wingu la ndege, kwelea kwelea, lilisafiri nalo, likijikunja na kujikunjua, na kivuli cha wingu hilo kilipopita juu ya watu kilileta ubaridi. Matuta yalikuwa mahali pake. Dungu lilikuwa mahali pake, linayumba kidogo. Na karibu na dungu, chandarua cha mwaka jana, kilichofifia rangi, kilikuwa kimejaa upepo.

Magari yalikuwa yamesimama pembeni. Basi la Mlimba lilizima injini na abiria wakatoa vichwa madirishani, wakanyamaza, hata wale wenye watoto wanaolia. Mwendesha bodaboda mmoja alivua kofia yake ngumu na kuishika kifuani. Kondakta peke yake ndiye aliyeuliza kama litachukua muda mrefu, na aliuliza kwa sauti ya chini, kama mtu aliye kanisani.

Shamba lilipowafikia, likasimama.

Marsiana alishuka kwenye tela. Akavua kandambili, akaingia majini mpaka magotini, akaenda moja kwa moja huku akipasua mpunga kwa mikono miwili. Akafungua kamba za chandarua cha zamani, akakikunja vizuri kama nguo ya kwenda kanisani, akatundika kipya, akachomeka pindo zake chini ya udongo pande zote, mbu asipate pa kupita. Alifurahi, na furaha ile ilimuuma, kwa sababu alijua ni kwa nini shamba limelazimika kumfuata. Abiria wa basi walisubiri mpaka alipomaliza.

Siku ile hawakwenda tena popote. Walipiga kambi ndani ya shamba lao, hapohapo barabarani, wakaacha upenyo wa magari kupita. Fausta alipanda dunguni na kuanza kupiga debe. Mpunga hauwezi kuachwa uliwe na ndege kwa kuwa tu umesafiri.

"Wale wapima ardhi wa bikoni uliwaambia nini?" bibi Eufrasia alimuuliza mwanawe, wakiwa wanakunywa uji.

Nazari alitazama kikombe. Walikuja kiangazi, alisema, wakauliza shamba linaishia wapi. Akawajibu kama baba yake alivyokuwa akijibu, na kama kila mtu wa bondeni anavyojibu: linaishia pale maji yanapoishia. Wakaenda mpaka maji yalipoishia. Na kiangazi maji yanaishia mtoni kabisa, kwenye mkondo. Wakaandika hivyo kwenye ramani, na bikoni zilipokuja kuchimbiwa, mpunga ukiwa umeshapandwa, akaachiwa kipande ambacho kuku angegeuka kwa shida.

"Hukuwaambia warudi masika?"

"Nilidhani wanajua, mama. Nani hajui?"

Bibi hakumlaumu. Hata yeye angejibu vilevile.

Kabla jua halijatua akaja mtendaji wa eneo, Evaristo, kwa pikipiki. Alivua kofia alipoliona kaburi, akamwamkia bibi, akakataa uji mara moja na kuukubali mara ya pili. Kisha akasema kilichomleta. Shamba haliwezi kukaa barabarani. Hii ni hifadhi ya barabara.

"Basi tulirudishe kule lilikotoka," alisema Marsiana.

"Kule hamruhusiwi, mama. Ndani ya bikoni si kwenu tena."

"Na shamba lenyewe hili?"

Evaristo alitazama mpunga, unavyong'aa hadi chini ya milima. "Kwenye ramani lipo kule," alisema. "Hapa halipo. Mimi nawaambia tu lisikae."

"Liende wapi?"

Alikunywa uji wake mpaka mwisho. Akashukuru, akaondoka.

Asubuhi shamba lilianza kutembea tena, kuelekea Ifakara. Nazari aligeuza pawatila na kulifuata. Fausta alikuwa dunguni na debe lake, bibi Eufrasia alihamia kwenye tuta pana akakaa na kuku wake, na familia nzima ikasafiri hivyo, baadhi ndani ya shamba na baadhi nyuma yake, kupita vijiji ambavyo watu walitoka kusimama mlangoni. Mama mmoja alileta maji ya kunywa. Wazee waliwapungia mkono wa pole na hongera kwa pamoja, kama watu wanavyofanya kwenye harusi ya yatima.

"Linakwenda wapi?" Fausta aliuliza kutoka juu.

Marsiana alikuwa akitembea karibu na chandarua, mkono wake juu ya kamba, na alikuwa ameanza kuitambua njia. Ndiyo ile ambayo mwaka ule wa Mariana ilikuwa chini ya maji.

Waliingia mjini mchana. Bajaji zilipisha, baiskeli zilipisha, wachuuzi wa samaki wakavuta beseni zao. Shamba halikugeukia sokoni wala nyumbani kwao. Lilikwenda mpaka lango la hospitali, likasimama.

Mlinzi wa getini alitoka kibandani.

"Mgonjwa yuko wapi?"

Marsiana alionyesha chandarua.

"Ni mtoto?"

"Mtoto."

Mlinzi akafungua milango yote miwili ya lango, kama anavyofungulia gari kubwa. Shamba halikuingia. Lilijishusha polepole nje ya ukuta, likakaa, na kwa mara ya kwanza maji yake yakamwagika, yakashuka mtaroni kwa sauti ndogo. Muuguzi mmoja, mwanamke wa makamo, alitoka na gauni lake jeupe, akavuka maji, akainua pindo la chandarua. Akaweka nyuma ya kiganja juu ya udongo, kama anayegusa paji la uso, akaacha mkono pale kwa muda.

"Homa imeshuka, mama," alisema.

Marsiana akakaa kwenye tope na kulia kwa sauti, kilio alichokuwa amekiweka miaka yote. "Tumekawia," alisema alipoweza kusema. "Tumekawia, mwanangu, lakini tumefika."

Walivuna palepale, kando ya ukuta wa hospitali, na ndugu wa wagonjwa wakawasaidia kupiga mpunga. Evaristo alipiga simu kuwakumbusha kwamba hata mbele ya hospitali ni hifadhi ya barabara, na kwamba anasikitika. Mvua zikianza inabidi waondoke. Nazari ametengeneza pini ya tela na kununua kamba ndefu.

Kule Mbingu bikoni hazijasogea hata shubiri. Katikati yake kuna shimo lenye umbo la shamba, limejaa maji, na mlinzi bado yupo. Mtu akisogea humwambia arudi, eneo lina mwenyewe.

Chandarua cha mwaka ujao Marsiana amekwishakinunua. Kilichobaki ni kujulikana atakitundika wapi.